Kitabu cha picha, cha sanaa au cha michoro?

SWALI: Ninasimamia maktaba ya shule ya sekondari mjini Iringa. Tumepokea riwaya za mfululizo mmoja pamoja na kitabu kikubwa kisicho na hadithi, kinachoonyesha jinsi wachoraji walivyobuni sura za wahusika, mavazi, majumba na ramani za riwaya hizo. Katika daftari la maktaba niliandika "kitabu cha picha"; mwalimu mwenzangu akafuta, akaandika "kitabu cha sanaa". Lipi ni sahihi?

JIBU: Kamwene, mwalimu. Hakuna kati yenu aliyekosea sarufi, ila majina yote mawili yatampeleka msomaji kwenye rafu isiyo yake. Neno picha limebeba mengi, kuanzia ya kamera hadi ya sinema, na mtu akisikia kitabu cha picha hufikiria albamu ya harusi au kitabu cha mtoto wa chekechea. Sanaa nayo ni pana mno, kwa kuwa hukusanya ususi, ufinyanzi, ngoma na ushairi, na hata riwaya zenyewe ni sanaa.

Mimi ningeandika kitabu cha michoro. Huenda mwenzako akasema kwamba mchoro ni mistari ya penseli tu, ilhali kurasa za kitabu hicho zimejaa rangi. Ushahidi wa kumjibu uko karibu nanyi: yale yaliyopakwa kwa rangi nyekundu kwenye mwamba wa Igeleke, hapo hapo Iringa, sote huyaita michoro ya miambani, kama tuyaitavyo yale ya Kondoa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kamusi za zamani hukipa kitenzi kuchora hata maana ya kukata nakshi kwenye mbao.

Linalohitaji uangalifu zaidi, na ambalo wengi hulipita, ni -a unganifu itakayofuata, yaani cha, ya au wa inayounganisha majina. Ukiandika "kitabu cha michoro ya riwaya", ya inafuata michoro, nawe unasema kwamba michoro yenyewe imetokana na riwaya. Ukiandika "kitabu cha michoro cha riwaya", cha ya pili inarudi kwenye kitabu, nawe unasema kwamba kitabu ndicho kinachoambatana na riwaya, hata kama michoro yake ingehusu jambo jingine. Zote mbili ni sarufi safi, lakini kwa kitabu ulichonieleza ya kwanza ndiyo inayosema kweli yote. Jihadhari tu na "kitabu cha kuchorea", kwa maana hicho ni cha mwanafunzi mwenye penseli mkononi.

Usikiite kitabu cha ziada, kwani shuleni jina hilo limekwisha kupewa vitabu vinavyosaidia vile vya kiada. Andika mfululizo badala ya msururu, ambao ni wa malori yanayopanda mlima Kitonga. Kurasa zenye majaribio ya mwanzo ziite michoro ya awali; rasimu, ingawa katika Kiarabu mzizi wake unahusu kuchora, kwetu imeshikwa na maandishi, kama vile rasimu ya katiba.

Katika daftari, basi, andika "Kitabu cha michoro ya mfululizo wa riwaya", kisha jina la mfululizo, na mbele yake jina la mchoraji. Neno msanii liache, kwa kuwa siku hizi wanafunzi wako wakilisoma watamtafuta mwanamuziki.