Dedilifti na kiuno kinachouma

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma chenye uzito kutoka chini, inakuumiza kiuno, na kama inajenga mgongo tu. Kazi kubwa hapo ni ya makalio na misuli ya nyuma ya paja. Mgongo unajikaza usipinde, na viganja vinapata nguvu ya kushika. Kiuno mara nyingi huuma kwa sababu chuma kiko mbali na mwili. Simama chuma kikiwa usawa wa katikati ya wayo, rudisha makalio nyuma, vuta pumzi ukaze tumbo, halafu sukuma ardhi kwa miguu, chuma kikipanda karibu kabisa na muundi. Watazame makuli wa korosho hapa Mtwara: gunia wanalikumbatia, hawalivuti kwa mbali. Na hizo kilo 100 ulizonyanyua wiki ya pili tu ya mazoezi, ulikuwa unamfurahisha nani? Punguza kwanza.