Nilimkabidhi fedha mkononi, sasa anakana

SWALI: Ndugu Mshauri, nauza vitenge hapa Tanga. Miezi saba iliyopita nilimkabidhi jirani yangu, ambaye tulizoea kuitana shemeji, shilingi 2,400,000 taslimu aninunulie mzigo Kariakoo, kwa kuwa yeye husafiri kila wiki kuwachukulia wenzangu bidhaa. Mzigo haukuja, na nilipomfuata alikana, akisema hajapokea hata senti. Polisi waliniuliza shahidi na maandishi, nami sina. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole. Jambo la kwanza ni kunyamaza: usimtangaze sokoni kuwa mwizi, maana atapata sababu ya kukushtaki wewe, na zaidi ya hapo atajihadhari. Mapatano ya mdomo yanatambulika kisheria, na madai ya mkataba hupewa miaka 6 kufunguliwa, kwa hiyo kilichopungua ni ushahidi tu, nao anaweza kuutoa yeye mwenyewe.

Wapo watakaokushauri umwandikie ukidai shilingi 4,000,000, ili kwa hasira ajibu kwamba ulimpa 2,400,000 tu. Hila hiyo huwanasa wengi, lakini mimi siipendi, kwa sababu ujumbe wako wa uongo utasomwa na hakimu pamoja na jibu lake. Mwandikie ukweli, kwa upole, ukimuuliza kama ile fedha ya vitenge angependa kuirudisha kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka. Akijibu “nitaanza mwezi ujao”, au akituma hata 50,000 kwa simu, amekwisha kukiri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Usiufute, na simu yenyewe uitunze.

Asipojibu, kuna kisa cha kale, kilichoandikwa na mwandishi wa Uhispania katika karne ya 12, cha msafiri aliyekuwa akielekea Makka, akaweka amana kwa mtu wa Misri aliyesifika kwa uaminifu, naye akaikana. Bibi mmoja alimshauri atayarishe masanduku kumi ya kupendeza, yajazwe mawe, yapelekwe kwa yule mtu kama hazina ya kuhifadhiwa. Sanduku la kwanza lilipoingia, msafiri naye akatokea kudai chake, na yule tapeli, kwa kuogopa kuyakosa masanduku tisa yaliyokuwa njiani, akamlipa papo hapo bila ubishi.

Wewe huhitaji mawe, kwa kuwa masanduku ya kweli yapo: ni hao wenzako wanaomkabidhi fedha kila wiki. Mtafute mmoja mwenye mzigo mkubwa na mweleze yote mapema, ili aamue mwenyewe kama bado anamwamini. Siku atakapokwenda kuzungumza naye habari za safari, nawe ufike wakati huohuo, umsalimie shemeji yako kwa heshima na kumuuliza habari ya fedha yako, bila kutaja polisi wala kupandisha sauti. Mtu anayeishi kwa kuaminiwa hupata tabu sana kukana mbele ya mteja ambaye bado hajafungua mkoba.

Akilipa, zihesabu palepale mbele ya mwenzako, umwandikie stakabadhi, nanyi nyote watatu mtie saini. Akiahidi tu, mwambie aiandike ahadi hiyo kabla hamjaondoka. Hapo utakuwa na maandishi na shahidi, yale yale uliyoulizwa na polisi.