Chambo za mpira usiweke boksi moja na ndoana

Ukijiuliza kama chambo za mpira na ndoana zinaweza kukaa boksi moja, hapana, usichanganye. Chambo za mpira, zile laini zenye umbo la minyoo na visamaki, zina mafuta ya kulainishia plastiki na hayo mafuta yanahama taratibu yanakula boksi gumu angavu mpaka linanata kama gundi, halafu chambo nyekundu ikigusana na nyeupe basi nyeupe ndo imeshaharibika hairudi. Ziache kwenye mfuko wake uliokuja nazo, au mfuko ukichanika geuza boksi unalotaka kuzitia uangalie chini, kuna kapembetatu kenye namba ya aina ya plastiki, namba 5 poa, namba 6 achana nalo. Zile zinazovutika sana zikae peke yake kabisa maana hata na mpira mwenzake zinayeyushana.

Ndoana nazo, uliyotoka nayo baharini usiirudishe kwa mpya, chumvi ya moja inatosha kutia kutu boksi zima. Mimi huku Tanga navua kwa mshipi wa mkono, zilizotumika naingiza kwenye kopo lake, nyumbani nasuuza na maji ya bomba, naanika zikauke kabisa ndo nazirudisha. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, weka chini kabisa ya ndoo ya vifaa, ikikaa juu inaponda kila kitu boti ikianza kuruka mawimbi.

Ila kama unavulia ziwani habari ya chumvi haikuhusu, ingawa ukizifungia zikiwa bado na maji kutu utaiona tu.