Gitaa la Kuagiza: Nilipe Yote Kabla?

SWALI: Fundi mmoja mwenye karakana ndogo amekubali kunitengenezea gitaa la umeme, lakini anataka malipo yote kabla ya kuanza, na tumeelewana kwa mdomo tu. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali. Ni haki ya fundi kupata malipo ya awali ya kununulia mbao na vifaa, lakini kiasi kinachobaki kilipwe kwa hatua, na cha mwisho baada ya gitaa kukamilika na wewe kulipiga.

Mapatano yaandikwe, na humo kipimo kinachostahili kufikiriwa kuliko rangi ni urefu wa uzi unaotetema, kwa sababu hauwezi kubadilishwa kirahisi shingo ikishatengenezwa. Magitaa mengi ya kampuni ya Fender yana milimita 648 na mengi ya kampuni ya Gibson takriban 628. Kwa nyuzi na sauti zilezile, urefu mkubwa hukaza nyuzi zaidi, jambo ambalo vidole huligundua mara moja. Kabla ya kuamua, piga magitaa ya aina zote mbili, kisha mpelekee fundi vipimo vya shingo unayoipenda, maana maneno kama “nyembamba” kila mtu huyaelewa kivyake. Vinasa sauti, yaani vifaa vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa mawimbi ya umeme, vinaweza kubadilishwa baadaye, ingawa nafasi zake huchongwa mapema.

Mwombe pia picha za mwili na shingo kabla havijapakwa rangi, ambapo kasoro ya maungio bado inaonekana na kurekebishika.