Muhula wa pili wa tawi haupatikani kwa fulana

Nianze na matokeo, msije mkadhani anayewaandikia ni bingwa. Niliomba kurudi kwenye uenyekiti wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi nikapita kwa tofauti ya kura 7. Muhula wa kwanza nilipita bila kupingwa. Kilichonishusha ni ile miaka mitano ya katikati, na ninyi mliochaguliwa juzi kwenye matawi ya Lindi na Mtwara ningependa mjue kilinishushaje.

Tawi letu ni la watumishi wa halmashauri moja mkoani Lindi. Makao makuu wapo wahasibu, madereva na watu wa masijala, lakini wanachama wengi wako nje: watendaji wa vijiji, wauguzi wa zahanati, maofisa ugani. Ukikaa makao makuu unaona chama chote kiko pale kwenye korido, maana ndio unaosalimiana nao kila asubuhi. Nilijidanganya hivyo karibu miaka mitatu. Masika njia zinakatika. Kiangazi nauli ya bodaboda inazidi alichonacho mweka hazina. Basi unasema utakwenda mwezi ujao.

Siku nilipokwenda nilifika zahanati ya mwisho saa nane mchana. Nikamkuta mkunga mmoja, mama aliyebakiza muda mfupi kustaafu, amekaa barazani anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, ya kuchemsha. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenyekiti? Sura yako naijua, ipo kwenye kalenda."

Akanikaribisha ming'oko, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala za barua tatu kuhusu nauli zake za likizo, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Nikajitetea: mama, suala lako nimelifuatilia, nimeambiwa fedha hazijaja. Na kweli nilikuwa nimelifuatilia, zaidi ya mara moja.

"Sikukudai wewe hela, mwanangu. Nilitaka kujua kama barua zilifika."

Niliporudi nilinunua daftari kubwa la kaunta nikalichora safu tano: jina, tarehe, dai, lilipokwama, na siku niliyomjibu mhusika. Hiyo ya tano ndiyo inayouma kuijaza. Dai la malimbikizo au la kupandishwa daraja linaweza kukaa miaka na lisiwe kosa lako, na watumishi si watoto, wanalielewa hilo. Wasichokielewa ni kukatwa ada ya chama kwenye mshahara kila mwezi huku simu haipokelewi. Mpinzani wangu aliposimama kuuliza "miaka mitano kafanya nini?", nilifungua daftari nikasoma, yaliyokwisha na yaliyokwama, na kila lililokwama nikasema limekwamia wapi. Ukumbi ulitulia. Naamini zile kura 7 zilitoka humo, na ningelianza daftari mwaka wa kwanza zingekuwa nyingi zaidi.

Jambo jingine: usijisifie ushindi wa taifa. Mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda kwa asilimia 23.3, nilizunguka ofisini kifua mbele kama niliyekaa mezani na Serikali mwenyewe. Julai slipu zikatoka. Aliye juu ya kima cha chini akakuta nyongeza ndogo mno kuliko aliyoitegemea, na aliyemtafuta ni mimi, si TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kikokotoo, kile kinachopanga mstaafu alipwe mkupuo kiasi gani, nacho ni vilevile. Kilipotoka asilimia 33 kwenda 40 mwaka 2024 nilishajifunza: niliwaeleza wanaokaribia kustaafu namna kinavyofanya kazi, nikanyamaza. Cha tawi ni kile unachoweza kukifuata kwa miguu: nauli za likizo, uhamisho usiolipwa, madaraja yaliyorukwa, na kuhakikisha hayo yanasemwa kwenye baraza la wafanyakazi wakati bajeti bado haijafungwa. Likishafungwa faili la bajeti, hata ukipiga meza unaumiza mkono wako.

Pesa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hesabu za chama zikaguliwe, na hilo linafanyika. Lakini mtendaji wa kijiji hasomi ripoti ya mkaguzi. Yeye anauliza fulana za Mei Mosi zilikuwa ngapi na kwa nini wa makao makuu walipata mbili. (Walipata mbili. Nilikuwepo.) Bandika karatasi moja kila robo mwaka: tulichopokea, tulichotumia, kilichobaki. Kama kilichobaki ni elfu kumi na nne, andika elfu kumi na nne.

Halafu jihadhari na sifa za mwajiri. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, ofisa mmoja mkubwa alisimama mbele ya watumishi akasema, "Mwenyekiti wenu huyu ni mwelewa sana, hatusumbui." Alikuwa na nia njema. Jioni hiyohiyo nikaanza kuitwa Mwelewa, na hadi leo wapo wanaoniita hivyo. Elewana na ofisi, lakini mtu wa ofisi asikupigie kampeni, na gari la ofisi lisikupeleke kuomba kura.

Kuhusu uchaguzi wenyewe sina mengi. Soma katiba ya chama chako mapema, hasa tarehe za fomu na akidi. Orodha ya wapiga kura usiiguse wewe uliye madarakani, hata kama unaijua kuliko wote; jina la aliyehama au kustaafu likikutwa humo, hakuna atakayeamini limesahaulika. Kama una sauti kwenye ratiba, omba mkutano usiangukie Oktoba na Novemba. Msimu wa korosho mtumishi mwenye mikorosho yake siku ya mapumziko yuko shambani anaokota, na akidi itakushinda.

Yule mama alistaafu kabla ya uchaguzi, hakunipigia kura. Sehemu ya nauli zake ililipwa, sehemu bado. Iko ukurasa wa 4 wa daftari, na Jumatatu ni zamu yake kupigiwa simu.