Kabla hujakubali kuambiwa "rudi ukiona shida"

Nina baridi yabisi, na kwa miaka mingi nilihudhuria kliniki kwa tarehe ya kwenye kadi, niwe naumwa nisiumwe. Mara nyingi siku ikifika sina hata maumivu. Daktari ananiminyaminya vidole, anauliza habari za dawa, ananiandikia tarehe nyingine. Viungo vikija kuvimba katikati ya hapo, naambiwa nafasi hakuna.

Siku hizi sipangiwi tarehe. Hali ikibadilika napiga simu mwenyewe, nawekewa miadi. Nchini Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, iliweka lengo la kuhamishia asilimia 5 ya mahudhurio ya wagonjwa wa nje (wasiolazwa) kwenye utaratibu huu ifikapo Machi 2023. Kwa sisi wa baridi yabisi una ushahidi wa zamani zaidi: utafiti wa Bristol uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa kwa miaka 6, na waliojiitia miadi walikwenda hospitali pungufu kwa asilimia 38 bila afya zao kuwa mbaya kuliko za wenzao.

Naupenda. Ila "rudi ukiona shida", ikiachwa hivyo hivyo, ni kufukuzwa kwa upole. Shida ipi? Mimi vidole hukakamaa karibu kila asubuhi. Ndiyo maana sikutoka kliniki mpaka nesi aliponiandikia kwenye karatasi lini nipige simu: ukakamavu unaopita saa nzima siku kadhaa mfululizo, kiungo kipya kuvimba, kushindwa kufunga vifungo vya shati. La vifungo nililitaja mimi, maana hapo ndipo ninapoanza kuona mambo yameharibika, kabla hata ya maumivu. Nawe mtajie daktari kazi yako ya mikono inayokusaliti mapema, aiandike. Kitu kimoja hakisubiri simu ya kliniki: kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu, nenda dharura siku hiyo hiyo.

Namba uliyopewa ijaribu ungali mzima. Nani anapokea? Jioni na wikendi inakuwaje? Ukiacha ujumbe, unajibiwa baada ya muda gani? Na siku ya kupiga kweli, usianze na "samahani kwa usumbufu". Sema ugonjwa wako, sema uko kwenye mpango wa kujiitia miadi, kisha soma karatasi kama ilivyoandikwa. Wengi wetu tumelelewa kutomsumbua daktari, na utaratibu huu unawaumiza hasa watu wa namna hiyo.

Kuna ambao hauwafai kabisa. Glakoma, ugonjwa wa macho, hula uwezo wa kuona kimyakimya. Ukingoja dalili umechelewa, kwa hiyo mwenye nayo ashike tarehe zake. Mgonjwa mwenye matatizo ya kumbukumbu naye asiachiwe peke yake. Hata sisi tunaofaa, vipimo vya damu vina ratiba yake: anayetumia methotrexate, dawa ya baridi yabisi, lazima apimwe mara kwa mara hata akijisikia mzima, kwa sababu ini na chembe za damu zinaweza kuathirika bila yeye kuhisi lolote.

Mwisho, uliza mpango unaisha lini. Mahali pengi una ukomo, na ukipita bila kupiga simu unafungiwa faili, kisha unahitaji barua mpya ya rufaa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi ile ile, juu kabisa.