Vitabu vya Pink Floyd: anza na Mason, lakini usiishie kwake

Mdogo wangu wa Goma, umesema albamu zote za Pink Floyd, lile kundi la rock la Uingereza, umeshazisikiliza na sasa unatafuta kitabu. Kifaransa unakisoma vizuri, Kiingereza polepole, na pesa uliyo nayo ni ya kitabu kimoja. Ndugu waliotangulia kukujibu wamekutajia vitabu vya picha. Ni vizuri kwa kuweka sebuleni. Mimi nakutajia vichache nilivyovisoma mwenyewe hapa Lubumbashi, na usinione mkali, yaya wako, yaani mkubwa wako, nina maoni yangu.

Kwanza ujue kwamba kundi hili liliishia kwa wanasheria. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wao mkuu, alitoka 1985, kisha akaenda mahakamani kuwazuia wenzake wasiendelee kutumia jina. Kwa hiyo kila anayesimulia ana upande, hata asipotaka. Utamlaani mtu katika kitabu kimoja, halafu kitabu cha pili kikufanye umtetee.

Cha kununua ni Inside Out cha Nick Mason, mpiga dramu. Kilitoka 2004, na kwa Kifaransa kinaitwa Pink Floyd, l'histoire selon Nick Mason. Huyu ndiye pekee aliyemo katika albamu zote za kundi tangu ile ya 1967, basi mengi anayosimulia aliyaona kwa macho yake. Na anachekesha! Anajicheka mwenyewe kabla ya kumcheka mwingine. Nilipofika kwenye yule nguruwe mkubwa wa kujazwa hewa, wa picha ya jalada la albamu yao Animals, aliyekata kamba juu ya kituo cha umeme cha Battersea, London, Desemba 1976, akapaa kwenye njia za ndege za uwanja wa Heathrow na kuja kutua shambani Kent, nje ya jiji, nilicheka peke yangu ndani ya teksibasi mpaka mama wa pembeni akasogea.

Udhaifu wa Mason ni kwamba ni mtu wa amani. Ugomvi ukikaribia, anapunguza sauti, anaweka utani, anapita. Ndiyo maana nimeandika usiishie kwake.

Mimi nina kipimo. Kabla ya kutoa pesa kwa kitabu chochote cha Floyd, natafuta kurasa za mambo mawili: tarehe 5 Juni 1975, na kufukuzwa kwa Richard Wright, mpiga kinanda wao. Mwandishi akiyapita kwa mistari miwili, narudisha kitabu mezani.

Siku hiyo ya Juni walikuwa studio za Abbey Road, London, wakimalizia Wish You Were Here, albamu ambayo kwa sehemu kubwa inamlilia Syd Barrett, mwanzilishi wao aliyeachwa nje 1968 baada ya akili yake kuyumba. Akaingia mtu mnene, amenyoa kichwa na nyusi, ameshika mfuko wa plastiki. Mason anakiri kwamba hakumtambua, mpaka David Gilmour, mpiga gitaa, alipomuuliza kama anajua huyo ni nani, na hata hapo ikabidi aambiwe. Alikuwa Syd. Sasa soma waandishi wengine: nani alimtambua kwanza, wimbo gani ulikuwa unapigwa, Syd alisema nini, alikaa muda gani, waliokuwepo hawakubaliani. Watu wazima, chumba kimoja, siku moja! Hapo ndipo niliposhawishika kwamba kitabu kimoja hakitoshi kwa kundi hili.

La Wright ni chungu zaidi. Kufikia 1979 kundi lilikuwa limepoteza pesa nyingi katika uwekezaji mbaya, kodi ya Uingereza inawabana, wakaenda kurekodi The Wall Ufaransa. Kampuni ya rekodi inataka albamu itoke kabla mwaka haujaisha. Wright alikuwa likizo na watoto wake, ndoa yake inavunjika, akakataa kurudi mapema. Waters akataka aondoke, na wengine wakakubali. Halafu katika maonyesho ya 1980 na 1981 Wright akapanda jukwaani kama mwajiriwa wa mshahara. Sisi wa mji wa migodi hatuhitaji kufafanuliwa hilo: mtu anatolewa kazini mlango wa mbele, anarudi kupitia sous-traitance, kampuni ya kukodishwa, kushika mashine ileile. Ila Wright alipata cha kuchekea. Maonyesho yale yalikula pesa kuliko yalivyoingiza, wenye kundi wakabeba hasara, na aliyebaki na faida ni yeye.

Kwa habari hizo mbili, mzuri kuliko wote ni Mark Blake, Pigs Might Fly, cha 2007. Hakuwa mwanachama, hana wa kumlinda, na anaweka sauti zinazopingana bila kukulazimisha uchague. Hiki nilikisoma kwa Kiingereza, kwenye simu, usiku baada ya usiku, nikiomba chaji isiishe kabla umeme haujarudi. Angalia usije ukanunua mara mbili: Marekani kimeuzwa kwa jina Comfortably Numb. Ni kitabu kilekile.

Nicholas Schaffner, Saucerful of Secrets, ni cha 1991, kwa hiyo usitegemee kukuta wale wanne, Waters, Gilmour, Wright na Mason, wakipiga pamoja kwenye tamasha la hisani la Live 8 mwaka 2005. Lakini kwa London ya 1966 na 1967, klabu ya UFO na Syd akiwa bado anang'aa, kinasomeka kwa raha. Ukimpenda Syd hasa, tafuta A Very Irregular Head cha Rob Chapman, 2010. Anapambana na ile sifa ya kichaa aliyobandikwa kijana wa watu, na anachukulia nyimbo zake kama kazi ya mshairi. Kuna mahali anazidisha utetezi. Nilimsamehe.

(Mjomba wangu, aliyekulia kwenye rock ya Zambia ya miaka ya 1970, makundi kama WITCH na Amanaz, ananiuliza kwa nini nasoma habari za Waingereza wakati Kitwe, mji wao huko Zambia, uko hapo karibu. Ana haki. Lakini wewe umeuliza Floyd.)

Kuhusu kupata: hapa Lubumbashi huwa napita kwa wauza vitabu vilivyotumika mjini, lakini ni bahati. Njia ya uhakika ni ndugu anayetoka Ulaya. Mason wangu alikuja hivyo, kwenye sanduku la shangazi, katikati ya viatu. Utasikia pia habari za La Totale cha Margotin na Guesdon, 2017, wimbo kwa wimbo, kilichoandikwa kwa Kifaransa moja kwa moja. Ni kizuri cha kufungua huku unasikiliza, si cha kusoma mwanzo hadi mwisho, na ni kizito mno. Usimwagize shangazi wa mtu hicho, kitamla kilo zake za mzigo na mwakani hatakubali kukubebea kitu.